Mwaka wa Makalio Chini

Hamidu ana kitambi siku hizi. Aliingia dukani kwangu Bigwa wiki iliyopita, mlango ukamtosha kwa shida, akaketi kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa, kama alivyozoea tangu ujana wetu, akasema, "Zaituni, wamelibomoa." Sikuuliza nini. Nilisimamisha cherehani nikavua miwani. Alikuwa ametoka mjini, akapita nyuma ya soko, na pale lilipokuwa godauni la Bwana Karim akakuta uwazi, mabati yamepangwa pembeni na vijana wanachambua matofali mazima. Wanajenga nyumba ya wageni ya ghorofa, alisema. Kisha yeye akaanza kucheka, mimi nikafuata, na binti aliyekuwa anasubiri gauni lake la sendofu akatutazama kama watu waliochanganyikiwa. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba ndani ya ghala lile la mahindi, mimi, fundi anayepigiwa shikamoo na nusu ya mtaa, niliwahi kuwa mtu wa kuogopwa?

Habari za homa iliyoondoka na nguvu za miguu yangu nikiwa mtoto nimeshamweleza kila aliyewahi kunipa lifti, nami nimezichoka. Nianze na mwaka wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba cha nyuma kwa Bi Mwantumu, mama mtu mzima aliyeteremka kutoka Matombo zamani na kujenga hapa Bigwa mlima unapoanzia. Chumba kilikuwa na kitanda, cherehani cha mkono juu ya meza fupi, na dirisha ambalo asubuhi lilikuwa linaonyesha ukungu tu na mchana linaonyesha Uluguru nzima. Nilikuwa natembea kwa magongo ndani ya ua, na nje kwa baiskeli ya matairi matatu ninayoizungusha kwa mikono. Sikuwa na njaa, sikuwa na adui. Nilialikwa kwenye kila shughuli. Na katika kila shughuli nilikuwa nawekwa pembeni penye kivuli, napewa soda kabla ya watu wote, na ngoma ilipoanza tu kukolea, mtu mwema alikuwa anakuja kuniinamia na kuniambia, "Dada Zaituni, twende tukurudishe, usije ukachoka." Sikuwahi kuchoka. Sikujua hata kama naweza kuchoka, maana sikuwahi kuachwa nifike huko. Hilo liliniuma kuliko miguu, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Mwalimu Koku alinijia kwa sababu ya zipu. Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi ya jirani, mwanamke mwembamba kutoka Bukoba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilipokuwa nabadilisha zipu ya sketi yake, aliniangalia mabega, akaniuliza bila haya, "Mikono hiyo unaifanyia nini?" Nikamwambia nashonea na kuendeshea baiskeli. "Basi unaionea," akasema. Akanieleza kuwa kuna mpira wa wavu unaochezwa watu wakiwa wamekaa sakafuni, wavu umeshushwa chini, na kwamba yeye ameuona kwenye mafunzo Dar es Salaam na tangu siku hiyo halali vizuri. Alichotaka ni sakafu laini na watu. Sakafu alikuwa ameshaipata. "Njoo Jumamosi," akasema. "Njoo na suruali."

Godauni lilikuwa la Bwana Karim, ambaye babu yake aliteremka kwenye meli kutoka India na ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko Dodoma. Mahindi yalikuwa yanaingia baada ya mavuno na kuondoka polepole, hivyo wakati wa masika ghala zima lilibaki tupu, sakafu yake ya saruji imesuguliwa na miaka ya magunia mpaka ikawa inateleza. Harufu ya mahindi haikuondoka hata ghala likiwa tupu. Juu kulikuwa na mabati mawili ya plastiki yaliyoingiza mwanga, na mvua ikinyesha ilibidi tuongee kwa kupiga kelele. Bwana Karim alimpa Mwalimu Koku funguo kwa sharti moja, tusiwashe moto ndani. Mwalimu Koku naye akaweka sharti lake, akaliandika kwa chaki juu ya mlango: MAKALIO CHINI. Yeyote anayevuka pale, awe na miguu miwili, mmoja au hana, akae sakafuni. Hakuna mtu wa kusimama na kutuangalia kwa huruma. Jumamosi ya pili Bwana Karim alikuja kukagua mali yake, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, akasimama mlangoni, akasoma ile chaki, akatazama sakafu, akatutazama sisi, kisha akakaa. "Nimefanya biashara humu maisha yangu yote," alisema huku akijipangusa vumbi, "sijawahi kuliona ghala langu kutoka huku chini."

Tulikuwa mchanganyiko ambao hungeupata popote pengine Morogoro. Kulikuwa na dereva wa lori aliyepoteza mguu kwenye ajali ya mteremko wa Kitonga, na dada wawili wa Mlali waliokuja na magongo yao kwenye pikipiki moja. Kulikuwa na Yusufu, seremala, kiziwi tangu kuzaliwa, miguu yake mizima kabisa lakini hakuna timu ya mtaa iliyowahi kumpa namba kwa sababu hakusikia filimbi. Na kulikuwa na Hamidu, fundi wa gereji ya jirani, ambaye hakuwa na kilema chochote isipokuwa mdomo. Alikuja siku ya kwanza kumletea Mwalimu Koku wavu, akakutana na ile chaki mlangoni, akakaa kwa utani, na hakuinuka mwaka mzima. Watu wanaouliza siku hizi kwa nini timu ya walemavu ilikuwa na fundi magari, nawajibu kwamba haikuwa timu ya walemavu. Ilikuwa timu ya waliokaa.

Mchezo wenyewe ni mkali, msije mkadanganyika. Unasogea kwa mikono, unajisukuma kama mtu anayepiga deki kwa mwili wake, na mikono hiyo hiyo ndiyo unayotakiwa uwe umeshaiinua mpira ukifika. Ukiupiga mpira makalio yameachana na sakafu, hata kwa upana wa kidole, filimbi inalia. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani nimechubuka mahali ambapo sikuweza kumwonyesha mtu. Suruali yangu ilikuwa imetoboka nyuma. Nikakaa na cherehani changu, nikashona suruali pana za kitambaa kigumu, nyuma nikatia kiraka cha ndani na cha nje, nikawashonea wote. Bi Mwantumu aliposhika ile yangu akaigeuza na kuigeuza. "Mwanangu, hii suruali umeipa matako ya pili," akasema, akaenda zake jikoni akicheka peke yake. Na nilichoka. Jamani, nilichoka! Nilikuwa nafika nyumbani mikono inatetemeka, siwezi kutunga uzi kwenye sindano, nalala na jasho langu, na usingizini natabasamu.

Baada ya mazoezi mke wa Bwana Karim alikuwa anatuma chupa kubwa za chai ya maziwa yenye tangawizi na beseni la kachori lililofunikwa kwa kitambaa. Tulikula pale pale sakafuni. Ndipo Yusufu alipotufundisha ishara zake, kwanza za chakula, maana alikuwa mlafi, kisha za matusi, kisha za kazi. Kufika mwisho wa masika tulikuwa tunaweza kuongea mdomo ukiwa umejaa kachori, jambo ambalo Mwalimu Koku alilisifu kuwa ni adabu mpya. Uwanjani Yusufu ndiye aliyekuwa akitutengenezea mipira. Alikuwa anaficha mkono mmoja nyuma ya kiuno, vidole vinasema mpira unaofuata unakwenda kwa nani, na sisi tuliokuwa nyuma yake tunasoma. Mavuno yalipoanza, magunia yakaanza kurudi ghalani. Kila Jumamosi uwanja wetu ulikuwa umepungua, kuta za mahindi zimesogea, na tukajifunza kucheza kwenye nafasi finyu, mpira ukigonga magunia na kurudi.

Siku niliyosikia habari za bonanza nilikuwa nimewahi kufika, nimekaa nyuma ya magunia nafunga vitambaa viganjani. Bonanza la mtaa lilikuwa linafanyika kila mwaka kwenye uwanja wa shule: mpira wa miguu, kuvuta kamba, kufukuza kuku, mpira wa wavu, na mshindi wa kila mchezo anaondoka na mbuzi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amekuja kumwomba Bwana Karim viti na turubai. Hakujua kama kuna mtu ndani. "Na wale watu wako wa Jumamosi tusiwasahau," nikamsikia akisema, kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu anayetenda wema. "Tutawaweka hema la mbele, kila mmoja na mchele wake na sabuni yake. Tunapiga picha, halafu tunawatafutia usafiri warudi mapema, kabla mechi hazijachangamka. Wasije wakakanyagwa." Bwana Karim akasema, "Lakini hawa wanacheza, Mwenyekiti." Mwenyekiti akacheka. "Nimesikia. Ni vizuri, inawachangamsha."

Nilijisukuma kutoka nyuma ya magunia mpaka miguuni pake. "Shikamoo, Mwenyekiti." Akashtuka, akarudi nyuma hatua. "Marahaba, mwanangu. Kumbe upo." Nikamwambia nipo, na kwamba sisi tutashiriki bonanza kama timu zote, mchele na sabuni awape wasiojua kucheza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliinama, mikono magotini, kama anaongea na mtoto. "Mcheze na nani sasa? Hakuna timu ya kufanana na ninyi. Na mtu akikuangusha?"

"Mimi niko chini tayari, Mwenyekiti. Ataniangushia wapi tena?"

Bwana Karim akageuka akakohoa ukutani. Mwenyekiti akanyoosha mgongo. "Haya," akasema. "Mkipata timu itakayokubali kukaa na kucheza na ninyi, mechi mtapewa. Msipopata, mtakaa hema la mbele na wageni wengine." Akaenda zake na viti vyake. Nilibaki pale sakafuni nakaza vitambaa viganjani, na nilijua, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao katika jambo lolote, kwamba nikikaa tena kivulini nikapewa mchele nikipigwa picha, baada ya kuonja kule kuchoka, sitalisamehe lile hema maisha yangu yote.

Timu iliyokuwa ikichukua mbuzi wa mpira wa wavu kila mwaka ilikuwa Gereji, wenzake Hamidu, na nahodha wao alikuwa Mabula, Msukuma mrefu aliyekuwa akiinua injini ndogo bila msaada. Hamidu alimleta kwa Bi Mwantumu nikiwa nakunywa chai. Mabula alikaa kwa adabu, kofia mkononi. "Dada Zaituni, tumekubaliana gereji nzima, tutacheza na ninyi," akasema. "Msiwe na wasiwasi, hatutawaumiza. Na seti moja tutawaachia, ili watu wafurahi." Chai ilinipalia. Hamidu, aliyenijua, akasogeza kiti chake mbali na changu. Nilimwambia Mabula kwamba wakituachia hata pointi moja, mimi mwenyewe nitazunguka soko zima na baiskeli yangu nikitangaza kwamba Gereji wanauza mechi. Nikamwambia aje na watu wake Jumamosi waone kwanza wanachotaka kutuachia.

Walikuja na jezi zao, wakasoma chaki ya mlangoni, wakakaa wakichekana. Kicheko hakikufika mbali. Kila mpira uliokwenda kwa Mabula ulimwinua, miguu yake ilikuwa inafanya kazi kabla hajaiambia, na kila akiinuka Mwalimu Koku alikuwa anapuliza filimbi mpaka masikio yanauma. Wenzake walikuwa wamekaa mahali pamoja kama miche iliyopandwa, mipira inadondoka mkono mmoja kutoka walipo. Tuliwafunga vibaya, nami nilipiga kila mpira kwa ajili ya ile seti ya kuachiwa. Mwisho wake Mabula alibaki kakaa, jasho linamtiririka, anatazama mikono yake. Nilidhani atasusa. Badala yake akaniuliza, "Mnasogeaje?" Hakuuliza kwa huruma wala kwa utani, aliuliza kama mtu anayetaka kurudi na kushinda, nami nikampenda papo hapo kwa swali hilo. Nikamwonyesha. Wiki zilizofuata Gereji walifunga mlango wao mapema na kufanya mazoezi juu ya maboksi yaliyopakwa oili chafu ili wateleze. Hamidu walimfukuza hata kwenye ugali wao wa mchana, kwa kuogopa atatuletea siri. Akawa anakula kwa Bi Mwantumu, analalamika kwamba mboga zake hazina pilipili, na tukajua kuwa sasa tuna mechi ya kweli.

Tatizo lilikuwa kiwanja. Uwanja wa shule ni vumbi na kokoto. Bwana Karim akatoa turubai la lori, jipya, gumu, linaloteleza, na jioni ya kuamkia bonanza Mwalimu Koku na Hamidu waliokota kokoto, wakamwaga mchanga, wakalitandaza na kulikaza kwa vigingi pande zote. Asubuhi tulipofika, turubai halikuonekana. Juu yake, kutoka mstari mpaka mstari, kulikuwa kumetandikwa mikeka. Mikeka ya ukindu, mizuri, ya rangi, ile inayokaa juu ya kabati ikingojea arusi na maulidi. Bi Mwantumu na kina mama wa mtaa walikuwa wamesimama pembeni, wamejifunga kanga mpya, nyuso zimejaa furaha. Walikuwa wamesikia kwamba tutakalishwa juu ya turubai la lori, kitu cha kufunikia saruji, wakaona ni aibu ya Bigwa nzima. Walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya mikeka tangu alfajiri.

Mtu asiyetoka huku angeona jambo dogo, ikunjwe basi. Lakini mkeka uliotandikiwa na mama mtu mzima huukunji mbele yake, ni kama kumrudishia chakula usoni. Na juu ya mkeka husogei. Ukijisukuma, unakuja nao. Mwalimu Koku aliinama akashika pembe ya mmoja, Hamidu akamshika mkono akatikisa kichwa. Dereva wetu akasema kwa sauti ya chini tucheze hivyo hivyo, tufungwe, yaishe. Kutoka kwenye hema la mbele Mwenyekiti alikuwa ameshaona, akaja na mpiga picha wake. Mezani nyuma yake mifuko ya mchele ilikuwa imepangwa, na sabuni zimefungwa utepe. "Pamependeza!" akasema. "Basi kaeni hapo hapo, mtulie, picha itoke vizuri." Tulikuwa tumemshinda Mabula mazoezini, tumeshinda magunia, na sasa tulikuwa tunakwenda kushindwa na watu wanaotupenda.

Nilishuka kwenye baiskeli nikaenda mpaka kwa Bi Mwantumu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeona kazi yetu?"

"Nimeona, Bibi, na nimefurahi mpaka machozi. Sasa naomba ukae na mimi hapa katikati." Akakaa, akatandaza kanga yake vizuri, ameridhika. Nikachukua mpira. "Mimi naurusha pembeni kidogo. Wewe sogea uudake, ila usiinuke."

Niliurusha. Bi Mwantumu akajisukuma kwa nguvu zake zote za kulima milimani. Mkeka ukajikunja chini yake, ukamkamata kanga, na yeye akaenda upande, akaanguka ubavu miguu hewani. Kina mama wakapiga ukelele. Mimi nilijilaani. Kisha tukasikia kicheko chake kikitoka chini huko. "Lo! Mkeka wenyewe unang'ang'ania kama mkwe asiyetaka mgeni aondoke!" Nikainua pembe, nikamwonyesha turubai tupu. Akahamia pale, akajisukuma, akateleza mpaka karibu na wavu. Akarudi alikotoka. "Ngoja kwanza," akasema, "nirudie." Alirudia mara kadhaa, mama wa watu, kanga yake mpya ikipangusa turubai, uwanja mzima unamtazama. Alipotosheka akainuka, akajifunga upya, akawageukia wenzake. "Kunjeni," akasema. "Hawa hawakuja kukaa. Wamekuja kucheza."

Mikeka ikatoka uwanjani ikatandikwa pembeni, pande zote, na kina mama wakakaa juu yake. Wanaume waliokuja kusimama mbele wakapigiwa kelele wakae nao, na kabla mechi haijaanza mtaa mzima ulikuwa umeketi chini ukituzunguka, macho yao sawa na macho yetu. Sikuwahi kuona watu kwa namna ile. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaona kutoka usawa wa mikanda yao. Hema la mbele lilibaki na Mwenyekiti, mpiga picha, na mifuko ya mchele.

Gereji walikuja wamebadilika. Yale maboksi yao ya oili yalikuwa yamewafundisha kazi, Mabula alikuwa anateleza na bega lake kubwa likitangulia. Seti ya kwanza tuliichukua kwa shida. Ya pili waliichukua kwa haki, na Mabula alinionyesha kidole kupitia wavu, kunikumbusha kwamba hii hawajatuachia bali wametunyang'anya. Nikamjibu kwa ishara ya Yusufu isiyoandikika hapa. Seti ya tatu watu walipandisha makelele mpaka filimbi ya refa ikawa haisikiki, vigelegele, ndoo, mtu analipiga debe, na hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Gereji walikuwa wanafungua midomo wakiitana, "Yangu!" "Acha!" na hakuna anayemsikia mwenzake. Wakaanza kugongana. Sisi hatukuhitaji kusikia. Yusufu alikuwa amekaa katikati ya kelele zile ametulia kama yuko kwenye karakana yake, mkono mmoja nyuma ya kiuno, vidole vinaongea. Mtu ambaye hakupewa namba kwa sababu ya filimbi ndiye aliyekuwa peke yake uwanjani anayesikilizwa.

Tulifungana, tukapishana, tukafungana tena, mpaka tukabakiza pointi moja tushinde. Mabula alipiga mpira mzito, Hamidu akaupokea kwa kifua nadhani, ukapanda. Vidole vya Yusufu vikasema jina langu. Nilijisukuma kushoto mara mbili, mikono ikinguruma kwenye turubai, nikaiinua, na mpira ukawa pale, chini, karibu na wavu, mahali ambapo tulikuwa tumeuzoea kati ya kuta za mahindi. Mbele yangu niliona nafasi kati ya Mabula na mwenzake. Niliupiga humo kwa mkono wote. Kila mmoja wao alikuwa amemwita mwenzake, na hakuna aliyesikia. Mpira ulianguka katikati yao, wakautazama.

Sikumbuki filimbi. Nakumbuka vumbi, kanga zinarushwa, na mikono imenishika kiunoni ikaninyanyua. Nilitaka kupiga kelele waniache. Nimebebwa sana maishani, kupandishwa ngazi, kuvushwa mitaro, kuondolewa kwenye shughuli za watu, na sikuwahi kubebwa nikapenda. Nikageuza kichwa, nikamwona Hamidu naye yuko mabegani mwa watu, mwenye miguu yake miwili mizima, anapunga mikono kama mwehu. Na Mwalimu Koku yuko juu. Na Yusufu. Basi nami nikainua mikono, nikalia kwa furaha mbele ya watu wote bila kujifuta.

Mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti na hakujua aseme nini. Mbuzi alikuwa wetu, hilo halikuwa na ubishi. Lakini pale mezani mchele na sabuni bado vilikuwa vimesimama na utepe wao. "Sasa na hivi?" akauliza, hata hakukumbuka kuzima kipaza sauti. Bi Mwantumu akamjibu kutoka mkekani, "Mchele leta huku, tutapikia nyama." Na sabuni? Mimi nikasema wapewe Gereji, maana ndio waliokuwa wananuka oili. Uwanja ukaangua kicheko. Wakapangwa mstari hema la mbele, Mabula akapokea sabuni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuigiza, na mpiga picha akapiga picha yake.

Pilau liliiva jua likielekea kuzama nyuma ya mji, na kwa vile watu wote walikuwa wameketi, sufuria ililetwa mbele yangu nikapewa upawa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kupakulia watu. Niliwapakulia kina mama kwanza, kisha Bwana Karim na mkewe, kisha Gereji, ambao walikuwa na njaa ya walioshindwa. Hakuna aliyekuja kuniinamia kuniambia nirudishwe. Mwenyekiti alikuja mwisho kabisa, sahani mkononi, akasimama. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nikimpakulia mtu aliyesimama nitamwaga." Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta suruali yake magotini, akakaa. Nikamtilia nyama ya paja, kwa sababu siku ile sikuwa na uchoyo na mtu. Alikula mpaka mfupa ukabaki mweupe. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ili watu wa kamati wasimsikie, kama Jumamosi kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Nikamwambia ipo, aje, ila asivae suruali anayoipenda.